Miaka 20 ni kocha msaidizi tu: tumkabidhi binti yetu?

Swali la leo limetoka kwa mama mmoja wa Mwanza. Barua yake ni ndefu, naifupisha:

"Binti yetu amemaliza kidato cha sita, anacheza kikapu na ana urefu wa kutosha. Chuo kikuu kimoja cha Marekani kinamtaka kwa ufadhili. Tangu mwanzo anayetupigia simu ni kocha msaidizi, mama mtu mzima, mchangamfu, aliyetueleza mwenyewe kwamba huu ni mwaka wake wa 21 hapo, chini ya kocha mkuu yuleyule. Mume wangu ameingiwa na wasiwasi. Anasema mtu aliyekaa miaka yote hiyo bila kupandishwa cheo lazima ana kasoro, na kwamba kama jambo lingekuwa zito bosi mwenyewe angepiga. Mimi yule mama nimempenda. Tunaomba ushauri kabla hatujasaini chochote."

Dada, nianze na shemeji, maana hoja yake si ya kubezwa. Katika ofisi zetu mtu akikalia kiti kimoja miaka 21 huku wenzake wakimpita, watu huanza kunong'ona. Benchi la ufundi la kikapu cha wanawake kwenye vyuo vya Marekani lina hesabu yake tofauti. Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, ina vyuo takriban 360, kwa hiyo nafasi za ukocha mkuu ni hizo hizo 360 kwa nchi nzima. Hadi 2023 kila timu iliruhusiwa wasaidizi watatu. Tangu mwaka huo wanaruhusiwa watano, ingawa ni watatu tu kati yao wanaoweza kutoka nje ya chuo kwenda kusaka wachezaji. Chukua hao watatu watatu peke yao: tayari unapata watu zaidi ya elfu moja wanaotazama viti 360, na vingi vina wenyewe ambao hawana mpango wa kuondoka. Wengi wao watastaafu wakiwa wasaidizi. Wapo waliogombea wakakosa, na wapo walioitwa mara kadhaa wakasema hapana. Idadi ya miaka peke yake haikuambii yule mama anayewapigia yuko kundi gani.

Ili mwone kundi la pili linafananaje, niwape mtu mmoja ambaye kila anayefuatilia mchezo huu anamjua. Anaitwa Chris Dailey, na pale University of Connecticut wanamwita CD. Mji wenyewe ni Storrs, mji mdogo sana, na Watanzania tuna sababu ya kuukumbuka: Hasheem Thabeet wetu alicheza pale kwa upande wa wanaume kuanzia 2006 hadi 2009, kabla ya kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA.

Dailey alikuwa mchezaji wa Rutgers, na alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa AIAW mwaka 1982. AIAW ndiyo ilikuwa chama cha michezo ya wanawake vyuoni kabla NCAA haijaingia na kuchukua kila kitu, na ubingwa ule wa 1982 ulikuwa wa mwisho wake. Baada ya hapo akaanza ukocha msaidizi. Mwaka 1985 Connecticut ikamwajiri kijana mmoja mzaliwa wa Italia, Geno Auriemma, aliyekuwa msaidizi Virginia, na yeye akamchukua Dailey. Tangu siku hiyo hawajaachana.

Timu waliyoikuta haikuwa ya kujivunia. Katika historia yake yote ilikuwa imemaliza msimu mmoja tu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye jengo la zamani walilogawana na timu nyingine, paa linavuja. Msimu wao wa kwanza walishinda mechi 12 wakapoteza 15. Sasa fikiria kazi ya msaidizi katika hali hiyo. Anakwenda nyumbani kwa binti wa miaka 17, anakaa sebuleni na wazazi, na anatakiwa awashawishi wamtoe mtoto wao kwenda kijijini, kwenye timu isiyoshinda, kwenye ukumbi ambao ni afadhali wasiuone. Hakuna kombe la kuwaonyesha. Anachouza ni neno lake, na baadaye lazima aishi na neno hilo kwa miaka minne, kwa sababu binti yule atakuwa mbele ya macho yake kila siku.

Mwaka 1988 Dailey akapewa cheo cha naibu kocha mkuu. 1989 wakachukua ubingwa wa ligi yao, Big East. 1991 wakafika nne bora ya taifa. 1995 wakamaliza msimu bila kufungwa, mechi 35 ushindi 35, na kuifunga Tennessee kwenye fainali. Baada ya hapo makombe yakafuatana hadi watu wakachoka kuhesabu. La mwaka 2025, walipoifunga South Carolina 82 kwa 59 kule Tampa, lilikuwa la 12. Katika yote 12 Dailey alikuwa benchi, pembeni ya mtu yuleyule. Novemba 2024 Auriemma alipofikisha ushindi wa 1,217 na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika kikapu cha vyuo, wanaume kwa wanawake, chuo hakikumsherehekea peke yake. Sherehe ilikuwa ya misimu 40 ya wote wawili, na wachezaji wa zamani walijaa ukumbini.

Je, alikosa uwezo wa kuwa kocha mkuu? Machi 2021 Auriemma alikutwa na virusi vya korona siku chache kabla ya mashindano ya taifa. Timu ikaenda San Antonio bila yeye. Dailey akaongoza mechi mbili za kwanza, za mtoano, ambako ukifungwa mara moja unarudi nyumbani: High Point wakachapwa 102 kwa 59, Syracuse 83 kwa 47. Bosi aliporudi, mama akarudi kwenye kiti chake cha pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu mwenye kiu ya ukuu angezigeuza siku zile kuwa barua ya maombi ya kazi.

Anachojulikana nacho zaidi, ukiwauliza waliopita mikononi mwake, ni mambo ambayo hayaonekani kwenye televisheni: adabu, usafi, kuwahi, namna ya kumsalimia mhudumu wa hoteli, jezi kuchomekewa. Kwa miaka mingi jezi za Connecticut hazikuwa na majina mgongoni. Mabinti waliofika pale wakiwa mabingwa wa mikoa yao walikuta kuna mama anayeona kila kitu, na kwamba kupata pointi 30 jana hakumpi mtu ruhusa ya kuchelewa basi leo. Kwa maoni yangu, ukiondoa kazi hiyo, makombe yale yasingefika 12. Auriemma ni mkali na ana ulimi. Mchezaji akitoka kwake amechanika, lazima awepo mtu wa kumshona. Mwaka 2018 Jumba la Heshima la Kikapu cha Wanawake lilimwingiza Dailey pamoja na Mickie DeMoss, aliyekaa jumla ya miaka 20 kama msaidizi wa kocha mkuu Pat Summitt pale Tennessee. Wasaidizi wawili mwaka mmoja, wakisimama jukwaa moja na wachezaji kama Tina Thompson na Chamique Holdsclaw. Wenye mchezo wao wanajua thamani ya kiti cha pili.

Wala Dailey si wa pekee. Lisa Boyer wa South Carolina ana njia inayoshangaza zaidi. Alishakuwa kocha mkuu wa chuo cha Bradley kwa miaka kumi. Kisha akafundisha timu ya kulipwa ya Philadelphia Rage, na mmoja wa wachezaji wake pale alikuwa Dawn Staley. Msimu wa 2001 hadi 2002 alifanya kazi na Cleveland Cavaliers ya NBA, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya kocha msaidizi katika ligi ile. Wakati huo Staley, yule aliyekuwa mchezaji wake, alishakuwa kocha mkuu wa chuo cha Temple, na Boyer akaenda kuwa msaidizi wake. Mwaka 2008 wakahamia wote South Carolina, wakatwaa ubingwa wa taifa 2017, 2022 na 2024. Mwalimu akawa chini ya mwanafunzi wake, kwa hiari, na akadumu. Nawaachia shemeji na wewe mseme kama hiyo ni kasoro.

Pale Stanford alikuwepo Amy Tucker, aliyefika na kocha mkuu Tara VanDerveer mwaka 1985 na kukaa benchi hadi 2017. VanDerveer alipoomba ruhusa msimu wa 1995 hadi 1996 ili aiandae timu ya taifa kwa Olimpiki ya Atlanta, Tucker aliongoza timu kwa kushirikiana na Marianne Stanley: ushindi 29, vipigo vitatu, nne bora. Mwenye timu akarudi na dhahabu ya Olimpiki, na Tucker akamrudishia timu yake.

Sasa, nisije nikawa wakala wa wasaidizi wa Marekani. Kukaa muda mrefu kuna upande wake wa pili, na shemeji anastahili kuusikia.

Holly Warlick alicheza Tennessee, akarudi kama msaidizi mwaka 1985, akawa na Pat Summitt kwenye makombe yote manane, kuanzia 1987 hadi 2008. Summitt alipotangaza Agosti 2011 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, Warlick ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa msimu uliofuata, na 2012 akakabidhiwa timu. Aliifikisha nane bora mara tatu. Kwa chuo kingine hayo yangekuwa mafanikio; kwa Tennessee yalionekana upungufu, na Machi 2019 wakaachana naye. Kate Paye naye alikuwa msaidizi Stanford tangu 2007 hadi VanDerveer alipostaafu 2024. Msimu wake wa kwanza kama mkuu ulikuwa ushindi 16 na vipigo 15, na Stanford ikakosa mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 1987. Haki yake tuseme: alipokea timu iliyopoteza nyota wake mwaka uleule chuo kilipohamia ligi mpya ya upande wa pili wa nchi. Lakini ukweli unabaki kwamba kazi ya kiti cha pili na kazi ya kiti cha kwanza ni kazi mbili, na ubingwa wa moja hauhamii kwenye nyingine.

Yupo aliyevuka vizuri. Jan Jensen alikuwa mfungaji bora wa taifa akiwa mchezaji wa Drake mwaka 1991, akaanza kumsaidia kocha mkuu Lisa Bluder palepale, wakahamia pamoja Iowa mwaka 2000. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akifundisha wachezaji wa ndani, wale warefu wa chini ya kikapu. Megan Gustafson, aliyekuwa mchezaji bora wa taifa 2019, alipita darasa lake. Monika Czinano vilevile. Watu wanaikumbuka Iowa ya nyota wao Caitlin Clark kwa mitupo ya mbali, lakini zile pasi zilihitaji mtu wa kuzipokea katikati ya msitu wa mikono na kumalizia kwa mguu sahihi, na mguu ule ulifundishwa na Jensen. Bluder alipostaafu Mei 2024, baada ya kufika fainali miaka miwili mfululizo, chuo hakikutangaza nafasi. Jensen alipewa timu siku ileile. Bila Clark, akashinda mechi 23 msimu wa kwanza. Dada, kama binti yako anacheza ndani kwa sababu ya urefu wake, muulize yule mama anafundisha kina nani. Katika timu nyingi wasaidizi hugawana: mmoja walinzi, mwingine wachezaji wa ndani. Ikiwa yeye ndiye wa ndani, basi huyo ndiye mwalimu wa mtoto wenu hasa, na kocha mkuu ni mkuu wa shule.

Kuhusu simu. Shemeji anaona bosi asipopiga, jambo si zito. Kwa kawaida kila mchezaji anayesakwa hukabidhiwa msaidizi mmoja anayemfuatilia toka mwanzo: anatazama video zake, anawajua wazazi, anajua matokeo ya mitihani, anafukuzia karatasi za ofisi ya udahili. Kocha mkuu huingia mambo yakikaribia kukamilika. Kwa hiyo si dharau. Ila kama mmeshafikia hatua ya kuzungumzia ufadhili na hamjawahi kumwona mkuu uso kwa uso, hata kwa video, hapo nasimama na shemeji. Ombeni mazungumzo hayo. Ni yeye anayeamua nani anapata ufadhili na nani anacheza dakika ngapi, na msaidizi mkweli hatakasirika mkiomba.

Mnajiuliza pia huyu mtu anafanya nini siku nzima. Wiki ya mechi anakabidhiwa mpinzani. Anakaa na video za mechi kadhaa za timu ile, anaandika ripoti: namba 12 hutaka kwenda kushoto, namba 30 hachomoki bila kumwegemea anayemkaba, wakitoka kwenye taimu auti wana mchezo huu. Halafu anawafundisha wachezaji wake, mara nyingi kwa kutumia wanafunzi wa kiume wa kujitolea wanaoiga mpinzani mazoezini. Karibu timu zote kubwa za wanawake huwa nao. Siku ya mechi mtazame yeye badala ya mpira. Binti anatolewa uwanjani baada ya kupoteza mpira mara mbili. Kocha mkuu amemfokea maneno matatu na tayari macho yamerudi mchezoni. Binti anapita, anakaa mwisho wa benchi, taulo kichwani. Msaidizi anasogea, anakaa kiti cha pembeni yake, hamtazami usoni, anaonyesha uwanjani kwa kidole: tazama yule anakusubiri wapi, ukirudi pitia nyuma yake. Taulo linashuka. Dakika nne baadaye binti yuko uwanjani tena. Niliwahi kukaa kwenye benchi la timu ya wasichana huku kwetu nikifanya kazi hiyohiyo, kwa kiwango cha chini zaidi, na nawaambia: wachezaji wanasahau matokeo ya mechi ile, ila aliyekuja kukaa nao hawamsahau.

Kwa mtoto anayetoka mbali, kazi kubwa iko nje ya uwanja. Kanuni za NCAA zinaweka saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu, zisizozidi nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Wiki ina saa 168. Katika zile nyingine binti yenu ataugua jino, atakosa joto la kutosha Januari, atapata alama mbaya ya hesabu, na Desemba mabweni yatafungwa wakati wenzake wote wamekwenda kwao. Nani atamwalika chakula? Kanuni zinaruhusu kocha kuwaalika wachezaji nyumbani kwake mara mojamoja, na kwenye timu nyingi nyumba inayofunguliwa ni ya msaidizi aliyekaa mji ule muda mrefu, anayemjua daktari, mchungaji, na fundi wa kusuka nywele za Kiafrika aliye umbali wa saa moja kwa gari. Kijana aliyeajiriwa Agosti iliyopita, anayetafuta kazi kubwa zaidi Aprili ijayo, hayajui hayo. Hapa ndipo miaka 21 inapogeuka kuwa faida kwenu.

Mfano wa jirani yetu unafaa. Bella Murekatete wa Rwanda alijiunga na Washington State mwaka 2019 akacheza pale misimu mitano, na 2023 wakachukua taji la mashindano ya ligi yao, Pac-12, kwa mara ya kwanza katika historia ya timu ile. Kocha wake mkuu alikuwa Kamie Ethridge, bingwa wa taifa na Texas 1986 na bingwa wa Olimpiki 1988. Kabla ya kuwa kocha mkuu mahali popote, Ethridge alikaa Kansas State kama msaidizi miaka 18. Angekuwa shemeji ndiye mwajiri, angemkata mwaka wa kumi!

Sasa hatari yenyewe, ambayo naona mmeiweka kando. Mnauliza kama msaidizi ana kasoro, wakati swali zito ni kocha mkuu anaondoka lini. Benchi la ufundi ni la kocha mkuu. Akifukuzwa au akistaafu, chuo kinaleta mtu mpya, na mtu mpya huja na watu wake. Msaidizi wa miaka 21 anaweza kufungasha vitu ndani ya wiki moja, hata kama alikuwa nguzo ya timu. Yaliyomkuta Jensen, kurithi kiti siku ileile, ni bahati ya wachache. Kocha aliyekaa na msaidizi mmoja miaka 21 huenda mwenyewe amekaribia kustaafu, na binti yenu anakwenda kwa miaka minne. Siku hizi wachezaji nao huhama kwa wingi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama mara ya kwanza na kucheza bila kukaa nje mwaka mzima. Hilo linampa binti mlango wa kutokea, lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hahami kwa wepesi wa mwenzake Mmarekani. Kuna karatasi za uhamiaji, na muhula haumsubiri.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Ofa ya simu, hata ikitolewa na mtu mwema namna gani, haimfungi yeyote. Ile barua maarufu ya ahadi ya taifa iliyokuwa ikisainiwa zamani ilifutwa Oktoba 2024. Kinachohesabika sasa ni mkataba wa ufadhili unaotolewa na chuo chenyewe. Someni kama ni wa mwaka mmoja au zaidi, na unafunika nini: ada, malazi, chakula, vitabu, bima ya afya, tiketi. Hakikisheni chuo kiko daraja gani, kwa sababu Divisheni ya Tatu ya NCAA haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Mtu akiwaomba pesa ili "kuhifadhi nafasi", huyo si kocha, kateni simu. Na yale malipo ya matangazo ambayo wachezaji wa Marekani wanaruhusiwa kupokea tangu 2021, binti yenu asiyaguse kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, ina masharti yake kuhusu kipato na kosa moja laweza kumrudisha nyumbani.

Namna ya kumpima yule mama ni rahisi kuliko mnavyodhani, kwa sababu ameacha alama za miaka 21. Fungueni tovuti ya timu, tazameni orodha ya wachezaji wa miaka minne iliyopita, halafu ya mwaka huu. Waliosajiliwa wakiwa mwaka wa kwanza, wangapi walifika mwaka wa nne palepale? Kila timu hupoteza wachache, hilo lisiwatishe. Mkiona kikosi kizima kinabadilika kila mwaka, ukarimu wa kwenye simu haufuati wachezaji hadi bwenini. Kisha mwombeni awaunganishe na mchezaji wa kigeni aliyekwisha kuhitimu, siyo aliyepo sasa, maana aliyepo bado anahitaji dakika za kucheza na atachunga mdomo. Msimuulize kama kocha ni mzuri; kila mtu atasema ni mzuri. Muulizeni alipoumia au alipougua nani alikwenda naye hospitali, na Krismasi ya kwanza alikula wapi.

Mniulize mimi, kwa haya mliyoniandikia peke yake, ningemwamini zaidi huyu kuliko msaidizi wa mwaka wa pili mwenye maneno matamu. Lakini imani hiyo ni kwa mtu, na mnachosaini ni cha chuo.

Simu ijayo aongee shemeji, na asizungukezunguke. Amuulize mama yule kama aliwahi kuitwa kuwa kocha mkuu mahali pengine na kwa nini alibaki. Mwenye sababu nzuri hulijibu kwa furaha, nadhani hata ameshaulizwa na wazazi wengine. Kisha amuulize mkataba wa kocha mkuu unaisha mwaka gani, na wa kwake yeye ni wa muda gani. Kama chuo ni cha serikali, mikataba hiyo kwa kawaida ni nyaraka za umma na magazeti ya kule huichapisha hadi mishahara, kwa hiyo hakuna siri anayoombwa. Akijibu, linganisheni mwaka huo na mwaka ambao binti atahitimu, na mkipokea mkataba wa ufadhili nitumieni kurasa za masharti kabla ya kalamu kugusa karatasi.